Jibu la Jirani

Kilichopaswa kumshtua Muli ni lugha. Mwaka ule wa 2006, mtu akitafuta mtandaoni namna ya kutengeneza mtambo ulioharibika alijibiwa kwa Kiingereza, na Muli alishakizoea. Lakini siku ile, kwenye saiba moja, duka la intaneti karibu na stendi ya Machakos, alipoandika jina la oveni pamoja na ile alama ya hitilafu, E4, iliyokuwa ikiwaka kwenye kioo chake, jibu la kwanza lilikuwa la Kiswahili. "Fungua nyuma, chini ya feni. Panya amekula waya wa buluu. Usiguse mwekundu." Chini yake mtu alikuwa ametia jina lake: Jirani.

Muli alikuwa fundi wa bekari ya Habiba, na oveni ilikuwa imelala siku mbili. Alirudi mbio, akafungua nyuma, akaukuta waya wa buluu umetafunwa. Kufikia saa nane mikate ilikuwa inatoka. Mtu mwingine angejiuliza huyo Jirani alimwonaje panya wa Machakos. Muli, Mungu amsamehe, alikuwa mtu wa adabu kuliko maswali, na kesho yake alirudi saiba kushukuru.

"Asante sana ndugu," akaandika kwa kidole kimoja. "Siku moja karibu kwangu Kathiani, nyumba ya mabati mekundu hapo juu ya kanisa, unywe chai."

Hakumaanisha. Nani humaanisha? Sisi humkaribisha kila mtu tukijua haji.

Jibu lilifika kabla hajainuka kitini. "Nashukuru. Naja Jumapili."

Jumapili hakuonekana mtu. Lakini kuanzia siku hiyo nyumba ilinuka waya ulioungua, harufu ile ile ya nyuma ya oveni, na mezani kukawa kunasikika ta, ta, ta-ta, mtu anachapa kwa kidole kimoja, na nyumba yenyewe haikuwa hata na umeme. Ndila, binti wa Muli wa miaka minne, akaanza kuacha chai. Akaacha uji, akaacha ugali. Kila alichopewa alikisukuma hadi mbele ya kile kiti kitupu cha mwisho wa meza, akakunja mikono, akangoja.

"Kula, mwaitu," mama yake, Syokau, alimbembeleza, akimwita mama kwa Kikamba.

"Mgeni kwanza," mtoto alinong'ona. "Si ni wewe ulinifundisha?"

Na bakuli lilipoondolewa mbele ya kiti, lilikuwa tupu.

Wiki mbili hivi zikapita, na mifupa ya mabega ya Ndila ikaanza kuhesabika. Hospitali haikuona ugonjwa. Kanisa liliomba, likaomba tena. Asubuhi moja Syokau alimfuata mumewe mlangoni, akamshika mkono wa shati.

"Baba Ndila," akasema polepole, "huyu mtoto anaisha. Kama kuna kitu unajua, sema."

Muli akamsimulia yote, ila mchungaji aliogopa kumwambia. Alimwambia Habiba, na Habiba hakucheka. Alifunga mtandio wake, akampeleka moja kwa moja kwa mjomba wake, Mwalimu Mahmud wa madrasa. Muli, mwimbaji wa kwaya tangu ujana, akakaa mkekani akificha soksi zilizotoboka.

"Ulimwambia karibu?" mzee aliuliza kwa sauti ya chini.

"Nilimwambia."

"Na ukampa mahali."

"Nilimpa, mwalimu. Mpaka rangi ya mabati."

Mahmud alifumba macho. "Wengine tunawafukuza kwa sababu wameingia bila ruhusa. Huyu wako ameitwa, tena kwa maandishi. Hafukuzwi, anaagwa tu. Ulimwahidi chai, mpe chai yake. Akimaliza mwambie kwaheri, halafu mnyamaze. Lile neno ulilomwandikia lisitoke tena kwa mtu yeyote wa nyumba hiyo. Akilisikia mara ya pili, mimi usinitafute."

Jumamosi mchana Mahmud alikaa nje ukutani akisoma aya zake. Ndani, Syokau alimwinamia Ndila, akamwekea kidole midomoni. "Usiseme kitu, mwaitu, mpaka mgeni atoke. Umesikia?" Ndila akaitikia kwa kichwa.

Muli akamimina chai ya maziwa, akaiweka mbele ya kile kiti, akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta, na wote watatu wakatazama chai ikishuka kikombeni kidogo kidogo bila mdomo kuonekana, ikishuka huku harufu ya waya ikizidi hadi machozi yakawatoka, na ta-ta ya mezani ikienda kasi, kasi zaidi, mpaka kikombe kikabaki kikavu na kila kitu kikatulia.

"Kwaheri, Jirani," Muli akasema. Mazoea ya miaka arobaini yalimsukuma amalizie ile salamu yetu, na aliuma ulimi mpaka akaonja damu.

Kiti kikasogea nyuma. Mlango ukafunguka wenyewe. Hatua zikasikika zikishuka kwenye mawe ya njia, nzito, bila haraka, zikampita Mahmud, zikaelekea kanisani. Harufu ikaisha. Ndila akanyakua kipande cha mkate, akakitia mdomoni chote, akatafuna, na Muli akapiga magoti hapo hapo akalia kwa furaha. Syokau alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili, akicheka na kulia.

Hawakumwona mtoto alipofika mlangoni. Alikuwa amengoja, kama alivyoambiwa, mpaka mgeni atoke. Sasa mgeni alikuwa ametoka. Ndila akameza mkate, akainua mkono mdogo, akapunga kule chini kwenye njia, kwa adabu yote aliyofundishwa.

"Karibu tena," akasema.

Mahmud akaacha kusoma. Kule chini hatua zikasimama kwa muda, kisha zikaanza kupanda.