Kicheko Katikati ya Vyura

"Uko wapi, mume wangu?"

"Bwawani. Si unawasikia vyura?"

Fundi cherehani aliwasikia simuni, wao na nyenje pia. Mumewe alirekodi sauti za porini kwa ajili ya redio, na kiangazi ndicho kilichokuwa msimu wake. Hata uchumba alianza kwa kumtumia milio ya nyenje kwenye simu, wakati wenzake wanatuma maua.

Ghafla, katikati ya vyura, mwanamke akacheka.

Mkasi ulimponyoka fundi cherehani.

"Nani huyo?"

"Nani tena?"

"Mwanamke. Kacheka hapo nyuma yako."

"Niko peke yangu. Labda ni ndege."

"Ndege anacheka? Usinifanye mtoto mdogo."

Kicheko kikarudi, safari hii na maneno: "Zima hiyo mashine, mbu wananimaliza."

Fundi cherehani aliinuka kitini. Sauti ile aliijua. Ilikuwa yake mwenyewe, na yeye alikuwa nyumbani, mlango umefungwa. Alitazama nyuma ya kiti chake, kisha akatazama dirishani. Aliogopa kweli.

"Mume wangu, hapo ulipo niko mimi."

"Umesemaje?"

"Aliyecheka ni mimi. Sema kitu kabla sijaita majirani."

Vyura wakakatika wote kwa mara moja. Ukabaki mwangwi wa ukumbi, na mtu akisema kwa mbali: "Mgonjwa anayefuata."

Simu ikakatwa. Alipiga tena, haikupokelewa. Mara ujumbe ukaingia:

"Niko hospitali ya masikio. Nilikuwa nakupigia rekodi ya siku tuliyokwenda wote bwawani. Nisamehe. Usije."

Alishavaa viatu.

Alimkuta kwenye benchi la bustani ya hospitali, kinasa sauti mapajani, jua linazama.

"Kwa nini umenidanganya?"

"Ongea kwenye sikio hili."

Akahamia upande wa pili.

"Kwa nini?"

"Nyenje siwasikii tena, kiangazi chote hiki. Naona taa za kinasa hiki zinacheza, najua wapo. Hata kicheko chako kwenye rekodi sikukisikia, la sivyo ningekikata."

"Daktari anasemaje?"

"Moja limekwenda. Hili linafuata, pole pole."

"Na mimi mkeo nijue lini?"

"Niliogopa. Ulinipendea masikio."

"Hayo? Yalivyo makubwa hivyo?"

Mumewe akacheka, na kicheko kikageuka kilio. Fundi cherehani alimwacha alie.

"Nyenje wanalia sasa hivi?" mumewe akauliza.

"Wanalia. Bustani nzima."

"Na siku nitakapoacha kukusikia wewe?"

Alitaka kumdanganya, uongo ukamgomea.

"Sijui. Nami naogopa kama wewe."

Akachukua kiganja cha mumewe, akamsikiliza nyenje mmoja aliyekuwa karibu ukutani, akaanza kumgongea kwa kidole kama anavyolia. Akagonga haraka haraka, akatulia, akagonga tena.

Mumewe aliacha kulia. Akafumba macho.

"Huyo dume," akasema. "Anamwita mkewe."

Fundi cherehani akausogeza mdomo kwenye lile sikio lililobaki.

"Mwambie keshafika."