Nilidhani Kondoo Yule Alikuwa wa Mgeni

Mimi ni mjane wa miaka hamsini na sita, mkazi wa Akalla, Stockholm. Nilianza kusoma nikiwa mtu mzima, na tangu nijue kuandika hakuna tarehe inayonipita. Mume wangu alifariki tarehe 9 Machi, miaka saba iliyopita. Tangu siku hiyo sikumruhusu mwanamume yeyote hata kunibebea mfuko. Heshima yangu ndiyo iliyokuwa mali yangu...

Katika nyumba ya kutunzia wazee ninakofanya kazi, nilizoeana na Teboho, mzaliwa wa milima ya Lesotho. Alikuwa mtu wa maneno machache. Likizo ilipokaribia alinialika nitembee kwao, kama rafiki tu. "Mama Neema, utaiona Afrika usiyoijua," alisema. Nilikubali. Nani angekataa?

Tulifika tarehe 3 Julai. Gari liliishia bondeni, tukamalizia safari kwa farasi.

Kesho yake walichinja kondoo. Dada yake, Palesa, ambaye peke yake pale alijua Kiingereza, alinifunika blanketi zito mabegani. Wanawake wakapiga vigelegele. Mama yao mzee akanilisha nyama kwa mkono wake. Nilikula, nikashukuru, nikaomba na nyingine! Wakacheka hadi wakashika mbavu. Nilijisemea kwamba watu hawa wanajua kumkaribisha mgeni...

Asubuhi ya tarehe 5, Teboho hakuwepo.

"Amerudi kazini, wifi," alisema Palesa.

"Wifi? Wifi wa nani?"

"Ala! Jana ulikula kondoo wa bibi harusi, tena ukaongeza. Leo unauliza?"

Nilitaka kuondoka saa ile ile, lakini theluji ilikuwa imeanza kuanguka. Mimi niliyezoea theluji ya Stockholm, nikafungwa na theluji ya Julai, barani Afrika! Njia ikazibika. Simu ilishika mtandao kilimani tu, na bibi harusi mpya, niliambiwa, hazururi peke yake.

Nilichota maji. Niliwasha moto wa samadi. Nilimwosha mama mzee miguu, naye akanibariki. Kila jirani aliyeingia alinisifu. Nilikuwa kifungoni, na walinzi wangu walinipenda! Je, ningemlilia nani?

Theluji ilipoyeyuka nilipiga magoti mbele ya mama, nikamsihi Palesa asigeuze hata neno langu moja. Nilieleza kwamba sikuposwa, sikuulizwa, wala sikujua.

Mama akauliza, "Alikuambia atarudi lini?"

"Hakuniambia hata kwamba anaondoka, mama."

"Basi amekuleta ukae mahali pake," alisema, "ili yeye asirudi tena."

Alilia. Nami nililia. Alinivua lile blanketi yeye mwenyewe, majirani wakitazama, akamwamuru Palesa atandike farasi.

Nilirejea Stockholm tarehe 21 Julai. Teboho alikuwa ameacha kazi na kuhama, lakini kwanza aliwatangazia watu kwamba nimeolewa na nimechagua kumtunza mkwe wangu. Wapo wanaoamini hadi leo kwamba nilimkimbia mama mgonjwa! Nikiingia kanisani, minong'ono hunitangulia...

Ndugu wasomaji, na hasa ninyi wajane wenzangu, msikubali mwanamume awafikishe kwa mama yake kabla hajatamka, mbele ya watu, mnakwenda kama nani. Ukimya wake msiuite upole.

Mimi nilitoka. Lakini Palesa ananiambia kwamba mpanda farasi yeyote akitokeza bondeni, mama yao huinuka, husimama mlangoni, akatazama kama ni mwanawe...