Nukta Zilizoibwa

Jalada la kwanza asubuhi ile lilitoka na ukungu. Karani wa skana alikuwa ameipangia programu nukta mia tatu kwa inchi ili picha itoke safi, kama kawaida yake, lakini kwenye kioo cha kompyuta akasoma sabini na tano. Akarudisha mia tatu. Namba ikashuka tena mbele ya macho yake, taratibu, kama mtu anayeteremka ngazi bila viatu.

"Mashine hii haina adabu!"

Mdogo wake, meza ya pili, akacheka. Ofisi nzima ilimwita Chupa kwa miwani yake minene, na ni karani aliyempigania hadi akaajiriwa. "Labda macho yako, dada. Uzee umebisha hodi."

Hilo lilimchoma, maana kweli kila jalada lililotoka limefifia lilimwachia ukungu mpya machoni.

Fundi wa kompyuta akaitwa. Akaiondoa programu na kuiweka upya, akabadilisha waya, akafunga mipangilio isiguswe. Wakajaribu ukurasa mmoja. Ndani ya skana kitu kikasikika kikilamba kioo, na harufu ya nywele zilizoungua ikajaa chumba. Sabini na tano.

Fundi akafungua kumbukumbu za programu. Sauti yake ikawa ya kunong'ona.

"Mama, hii si hitilafu. Kuna mtu anaingia na kuruhusu nukta zipunguzwe. Anaingia kwa jina lako."

"Langu? Sijaruhusu kitu mimi!"

"Neno lako la siri analo nani?"

Karani akakumbuka. Chupa alipoanza kazi alimbembeleza: niazime jina lako, dada, langu bado halijatoka. Akampa, pamoja na neno la siri. Ujinga gani huo! Lakini nani humnyima ndugu wa tumbo moja?

"Bibi yangu alikuwa akitoa majini," fundi alisema, huku akikusanya vifaa vyake. "Jini hachukui cha mtu bila jina na ruhusa. Libadilishe neno la siri sasa hivi, kwa mkono wako. Mimi siligusi." Akatoka bila kuaga.

Karani akageuka. Chupa alikuwa dirishani akitunga uzi kwenye sindano, bila miwani.

"Ungeniomba," karani alisema, "ningekupa jicho moja."

"Nilitaka mawili."

Karani akairukia kompyuta alibadilishe lile neno, na hapo hapo skana ikaanza kuvuta karatasi yenyewe, moja baada ya nyingine, na kila karatasi ilipopita herufi za kibodi zilififia chini ya vidole vyake, kisha vidole vyenyewe, kisha ukingo wa meza, huku ile sauti ya kulamba ikihama kutoka kwenye mashine, ikimsogelea, ikipanda shavuni, hadi akaisikia, yenye joto na unyevu, nyuma ya kope zake mwenyewe.

Kiti kikavutwa kando yake.

"Sogea, dada," Chupa alisema kwa upole. "Sema unachotaka kuandika. Nitakuandikia."