Mteja Asiyepimika

Mara ya kwanza Mshonaji alipompima yule mteja, bega lilikuwa inchi kumi na sita. Akaandika kwenye daftari. Alipofika kifuani akahisi amekosea, akarudi begani, akapata inchi ishirini. Mara ya tatu akapata kumi na mbili, bega la mtoto.

"Samahani, dada," alisema. "Utepe wangu umechoka, unavutika."

"Usijisumbue," mteja akajibu. "Shona tu. Nitaenea."

Ilikuwa saa nane mchana. Mlango wa duka uko wazi, watu wanapita barabarani, jua kali. Nani angefikiria majini saa kama hiyo? Mteja alikuwa mwanamke wa makamo, kilemba cheusi, mwenye harufu ya nguo iliyoanikwa kivulini ikachelewa kukauka. Alikaa kwenye kigoda, akayatazama majoho ya kwaya yaliyotundikwa ukutani, kumi na manane, ya buluu na kola nyeupe, kisha akauliza kwa upole wa mtu anayeuliza habari za nyumbani:

"Lipi kati ya hayo ndilo linalokuuma?"

Mshonaji angeweza kusema, "Hakuna." Lakini lilikuwepo, na kwa miezi mitano hakuwa amemwambia mtu. Lilikuwa joho la mdogo wake.

Huyo mdogo walimwita Chiriku tangu utotoni, kwa kuwa alianza kuimba kabla hajajua kusema vizuri. Waliishi wawili tu, katika vyumba vya nyuma ya duka, tangu mama yao alipofariki. Mshonaji ndiye aliyemlea, na ndiye aliyemshika mkono kumpeleka kwaya. Kwa miaka kumi na mmoja Mshonaji mwenyewe ndiye aliyesimama mbele ya kanisa kuimba beti za peke yake, hadi Jumapili moja aliposhikwa na mafua, mwalimu wa kwaya akamsimamisha Chiriku. Mafua yalipona, ila nafasi haikurudi. "Mpishe mdogo wako, mama," mwalimu alisema, "kipya kinyemi." Wanakwaya wakacheka. Naye akacheka, na kicheko kile kikamkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Yote hayo alimsimulia mteja, na mwishoni likamtoka neno ambalo hakujua kama alikuwa nalo.

"Laiti mtu angeichukua ile sauti. Hata akitaka kukaa hapa nami, akae."

"Umesema akae?"

"Nimesema."

Mteja akainuka, akaacha mezani kitambaa cha zambarau, akatoka. Hakuuliza gauni litakuwa tayari lini.

Kesho yake asubuhi Chiriku aliamka bila sauti. Alifungua mdomo kusema shikamoo, ikatoka pumzi. Daktari akalimulika koo lake, akalipapasa, akasema ni zima kabisa, hajui la kusema. Chiriku akaanza kutembea na kijitabu na kalamu, na la kwanza aliloliandika lilikuwa kwa dada yake: *Usiogope, itarudi.* Mshonaji alisoma, akaenda jikoni, akaosha vikombe vilivyokuwa safi tayari.

Jumapili iliyofuata alisimama mbele akaimba. Watu walimpa pole na hongera kwa pumzi moja.

Gauni la zambarau alilishona kwa kubahatisha vipimo, akalitundika nyuma ya mlango. Siku ya tatu, akiwa anashona pindo, alisikia mtu akivumisha wimbo puani. Akadhani ni redio ya jirani, akasimamisha cherehani asikilize. Wimbo ukaendelea. Ulitoka nyuma ya mlango, laini, wa chini, na ilikuwa sauti ya Chiriku. Lakini Chiriku alikuwa uani akifua, akionekana dirishani, mdomo umefumba.

Mshonaji akausogeza mlango. Gauni lilikuwa limejaa. Kifua kimepanda, mikono imenenepa, kama mtu amesimama ndani yake, mtu asiye na kichwa wala miguu, na harufu ya nguo mbichi ikamjia usoni.

"Dada," gauni likasema kwa sauti ya mdogo wake. "Umenishona vizuri."

Alilifunga kwenye mfuko, akalipeleka jalalani mtaa wa tatu, akarudi akikimbia. Lilikuwa limetundikwa pale pale. Alilikata kwa mkasi, na asubuhi lilikuwa zima, halina hata mshono wa kiraka. Akaamua kukimbia nyumba. Alipofika kwenye kona ya barabara koo likambana, pumzi ikawa haipandi wala haishuki, akaona giza jua likiwaka, na hakuweza kuvuta hewa tena mpaka aliporudi kizingitini mwake kwa kutambaa, wapita njia wakidhani ni kifafa.

Kilichokuwa kibaya kuliko vyote ni kwamba kile kitu kilikuwa na maneno. Kilizungumza mchana kutwa, cherehani ikilia.

"Mwambie mdogo wako ukweli," kilimwambia, "uone atakavyokutazama. Au mwambie Mungu. Alikuwepo siku ile, alisikia kila neno, akageuza uso. Uliye naye ni mimi tu, dada. Si ulinialika?"

Akajaribu kusema. Mara mbili alimwita Chiriku, akamkalisha kitandani, akafungua mdomo, na kila mara ulimi ulilala kama kipande cha ngozi, akaishia kusema, "Maji yamechemka." Chiriku akaandika: *Dada, unaumwa?* Naye akatikisa kichwa. Jumapili aliimba habari ya minyororo kukatika, na kila ubeti ulizidi kumkaza.

Jumapili ya saba ndipo mambo yalipovuka mpaka. Kanisa lilikuwa limejaa, madirisha wazi, mwalimu wa kwaya akainua mkono kumpa ishara, naye Mshonaji akavuta pumzi kama alivyovuta kwa miaka kumi na mmoja, lakini kilichotoka kinywani mwake hakikuwa sauti yake nzito iliyozoeleka, ilikuwa nyembamba na nyororo, ikapanda hadi kwenye paa bila kugusa popote, sauti ambayo kila mtu mle ndani aliijua na kila mtu alijua kuwa mwenyewe amekaa benchi la pili na kijitabu mapajani, na Mshonaji akataka kuacha asiweze, akataka kufumba mdomo ukakataa, akaendelea kuimba machozi yakimtiririka, huku kule benchini Chiriku akisimama taratibu, mkono kooni, midomo yake ikifuata kila neno bila kutoa hata mlio.

Wimbo ukaisha. Hakuna aliyesema amina. Chiriku alikuwa ameshatoka.

Jumatatu asubuhi alirudi nyumbani na Fundi Bomba. Huyo alikuwa mwinjilisti wa kanisa lao, mtu mfupi, mwenye viganja vipana, anayezibua mabomba siku sita na mioyo siku ya saba, kama alivyopenda kutania. Alikuja na begi la spana begani kwa sababu alikuwa akielekea kazini. Mkononi alishika karatasi ya Chiriku: *Sauti yangu iko kwa dada.*

Alilisikia gauni likivumisha wimbo nyuma ya mlango, akasimama mbele yake, akavua kofia.

"Kwa jina la Yesu, toka," alisema, kwa sauti ya kawaida tu.

Gauni likacheka, kicheko cha Chiriku cha utotoni. "Sikuvunja mlango, mzee. Nina mwaliko. Muulize mwenye nyumba."

Fundi Bomba akageuka. Hakupandisha sauti. "Dada yangu, mimi ni mtu wa mabomba. Bomba lililoziba halizibuki kwa kupigiwa kelele. Unafungua pale pale palipoziba. Ulimpa nini?"

Mshonaji akafungua mdomo. Koo likafunga kama limekabwa na kamba. Akatikisa kichwa, macho yamemtoka.

"Hatasema," gauni likasema kwa furaha. "Kinywa ni changu."

Mkono je? Mshonaji akapapasa mezani, akakuta kipande cha chaki ya kuchorea nguo. Kitambaa cheusi cha suruali ya mteja mwingine kilikuwa kimetandazwa pale. Vidole vilikuwa vikimkakamaa, kila herufi ikivutwa kama ndoo kutoka kisimani, lakini akaandika: *Nilimwita mimi. Nilitaka upoteze sauti. Nilikuona unateseka nikaimba.*

Chiriku akasoma. Akasoma tena. Akarudi nyuma hatua moja, ya pili, hadi mgongo ukagusa ukuta, akamtazama dada yake jinsi mtu anavyomtazama mgeni aliyemkuta ndani ya nyumba yake.

"Umeona?" gauni likanong'ona. "Nilikuambia. Sasa huna hata mmoja."

Na ilikuwa kama kweli, kwa maana baridi ilipanda kutoka sakafuni hadi magotini, harufu ya nguo mbichi ikajaa chumba mpaka Fundi Bomba akakohoa, mlango wa barabarani ukajifunga, na gauni likaanza kukua, inchi ishirini, inchi thelathini, likaziba mlango, likafika darini, likimwinamia Mshonaji kama wingu la zambarau, nalo likisema kwa sauti ya mdogo wake, kisha kwa sauti ya mama yao marehemu, kwamba alichofanya hakisafishiki, kwamba hata akilia mpaka macho yatoke neno lilikuwa lake na limeshasemwa, akubali tu, akae humu, afunge mlango, washone pamoja siku zote.

"Anasema kweli," Mshonaji akakoroma, sauti yake ikipita kwa shida kama uzi kwenye tundu dogo. "Fundi, ni kweli. Sistahili."

"Ni kweli kabisa," Fundi Bomba akasema, naye amepiga magoti kando yake kwenye vipande vya nguo, jasho likimtoka. "Hustahili. Mimi pia. Yesu angekuja kwa wanaostahili tu, angekosa pa kwenda. Alikufia ukiwa hivyo hivyo, na hili neno lako ndani yake. Mwite."

"Akikataa?"

"Hajawahi."

Mshonaji akafumba macho. Koo likabanwa mara ya mwisho, kwa nguvu hata akaonja damu. "Yesu," alisema. "Nimemuua mdogo wangu akiwa hai. Sina cha kujitetea. Nisamehe. Nitoe humu."

Hakukuwa na radi. Kilisikika kitu kama nguo inayochanika, ndefu, kutoka darini hadi sakafuni, na mlio wa mtu anayeenda mbali bila kugusa ardhi. Mlango wa barabarani ukafunguka. Gauni likaanguka chini, likawa kitambaa tu, gauni la kumtosha mwanamke wa kawaida, na mishono mibaya begani.

Chiriku akakohoa. Akakohoa tena, akaikamata meza.

"Toka," alisema. Sauti ilikwaruza, lakini ilikuwa yake. "Toka mbele yangu, Dada."

Mshonaji akatoka. Alikaa uani juu ya ndoo iliyopinduliwa, na Fundi Bomba akaja akalichoma gauni pale pale. Liliungua upesi kama nguo nyingine yoyote. Alimwombea tena, kwa kifupi, kisha akatazama saa, akasema kuna nyumba ina maji hadi sebuleni, akaondoka.

Jumapili Mshonaji alisimama mbele ya kanisa akasema yote, bila kupunguza. Mwalimu wa kwaya alilia. Wengine walinong'ona neno mchawi, na wateja kadhaa wakaja kuchukua vitambaa vyao kabla havijakatwa. Chiriku alihamia kwa shangazi yao. Mshonaji akawa anakaa benchi la nyuma, na usiku analala usingizi mzito ambao hakuwa ameupata tangu mama yake afariki, akiamka na aibu ya kulala vizuri hivyo.

Miezi mitatu baadaye Chiriku alikuja kuchukua nguo zake zilizobaki. Alikunja kila kitu, akakitia begini. Mlangoni akasita.

"Mwinjilisti ananiambia ulisamehewa siku ile ile. Kabla hata sijakohoa."

"Ndiyo."

"Mbona haraka hivyo?"

"Hata mimi nilishangaa."

Chiriku akabadilisha mkono wa begi. "Mimi si Mungu, Dada. Mimi nitachelewa. Labda mwaka."

"Chelewa. Hata miwili."

"Na nisipoweza?"

"Nitakuwa nimekukosa," alisema, "na itakuwa kwa kosa langu. Lakini sitakudanganya tena."

Chiriku akatikisa kichwa polepole, si ndiyo, si hapana, akaenda. Mshonaji alisimama kizingitini akimtazama hadi alipokata kona. Akangoja koo limbane kama zamani. Halikubana. Ndipo akalia, pale pale mlangoni, mchana kweupe, kwa sauti yake mwenyewe nzito na mbovu, bila kujali nani anapita na nani anasikia.