Nimeufyekea Chini

— Odi, ule mti umeshaufyekea chini?

— Bado. Panga ninalo hapa mkononi, wewe umenipandisha kilimani nije kusikiliza sauti yako.

— Si unaipenda?

— Sema shida yako, Medjo. Chaji inaisha.

Akacheka. Kicheko kile kilikuwa kinanimaliza, nisiwe mwongo. Nilisimama nyuma ya kanisa, pale juu kilimani, mahali pekee kijijini kwetu panaposhika mtandao, natabasamu peke yangu mpaka katekista akanikoholea dirishani. Harusi yetu ilikuwa imebakiza siku tisa.

— Sikiliza basi, mpenzi. Kampuni inaingia upande wenu wiki hii, na mti wenu uko njiani kabisa. Fyeka mpaka mzizi wa mwisho, kila mtu aone una mwenyewe.

— Wewe ndiye wa kunifundisha kazi ya kwetu?

— Halafu nitumie meseji nimwoneshe bosi. Andika hivi: Mimi Odilia, mwenye moabi wa kijitoni, nimeufyekea chini, uko tayari.

— Tayari kwa nini?

— Kwa mavuno, mama! Matunda si yanaanza kudondoka? Au huniamini, nighairi harusi?

— Thubutu uone.

Niliandika papo hapo neno kwa neno, nikatuma, nisije nikapanda kilima mara ya pili. Akajibu: "Safi sana, mke wangu." Nikaibusu simu, mjinga mimi.

Moabi ule babu yangu ndiye aliyeuona wa kwanza. Aliufyekea chini, akaondoa magugu yote kuzunguka shina, na tangu siku hiyo ukawa wetu, kwa maana kwetu mti uliofyekwa chini una mwenyewe, hata mlevi haokoti tunda lake. Mafuta ya mbegu zake ndiyo mama aliyokuwa akiuza sokoni Lomié baada ya baba kufa. Ndiyo yaliyonivisha, na bibi harusi wa kwetu huingia kwa mama mkwe ameshika chupa ya mafuta hayo. Asiye nayo anapokelewa, ila atasemwa mpaka azeeke. Medjo mwenyewe alinitongozea chini ya mti huo, msimu wa mavuno, tukipasua mbegu. Tangu mwaka jana alikuwa kibarua wa kampuni ya magogo, anatembea msituni na kopo la rangi akiipa namba miti ya kukatwa.

Nilirudi kwa mama, tukafyeka pamoja.

— Meseji ya nini? — akauliza. — Huyo bosi hana macho? Si aje aone mguu wa mti ulivyo safi?

— Siku hizi mambo ni maandishi, mama.

— Haya, mke wa kampuni. Shika ule mzizi wa nyuma, umebakiza magugu.

Nikaupiga mzizi wa nyuma mpaka udongo ukabaki mtupu.

Siku ya tatu asubuhi tulikuwa tunafunga muhogo kwenye majani. Chensoo ilikuwa ikilia mbali tangu alfajiri, hatukuijali. Halafu ardhi ikatikisika, vyungu vikagongana. Mama akaangusha kamba.

— Odilia. Huo ni wa kijitoni.

Tulikimbia. Ulikuwa umelala chini umevunja nusu ya msitu, matunda mabichi yametapakaa kila mahali. Mkataji, mgeni mwenye ndevu nyeupe, alikuwa amekaa juu ya gogo anakunywa maji.

— Nani kakutuma? — nilipiga kelele. — Huoni mti umefyekwa chini?

— Nimeona, dada. Ndiyo maana nimekata.

— Unasema nini wewe?

— Punguza sauti basi. Sisi tukikuta mti umefyekwa chini, tunajua umeandaliwa. Mti wenye kichaka haukatwi. Ukianza kuanguka mtu atakimbilia wapi?

— Ulifyekwa kwa sababu una mwenyewe!

— Na mwenyewe karidhia. Moabi wa mwanakijiji haukatwi bila neno lake, na neno lake tunalo.

Akatoa simu mfukoni, akaniwekea mbele ya macho. "Mimi Odilia, mwenye moabi wa kijitoni, nimeufyekea chini, uko tayari." Chini yake Medjo alikuwa ameongeza maneno yake mwenyewe: "Mwenye mti ni mchumba wangu. Hana kinyongo. Kateni."

Yule mzee alinitazama, akatazama panga lililosahauliwa pale kwenye mzizi wa nyuma. Akavua helmeti.

— Odilia ndiye wewe?

Mama hakupiga yowe wala hakunilaumu, na heri angenilaumu. Alichuchumaa akaanza kuokota yale matunda mabichi yasiyo na faida, moja moja, akiyatia kwenye kitenge chake.

Medjo alikuja jioni. Alikuwa na helmeti mpya, nyeupe, ya wasimamizi.

— Odi, niache nieleze.

— Eleza.

— Walitaka moabi mmoja zaidi wajaze mzigo. Waliniambia wazi: ulete uwe msimamizi, usipouleta kibarua chako kinaisha mwezi huu. Ningekuoa na nini?

— Ungeniuliza.

— Ungekataa.

— Kwa hiyo ulijua ningekataa.

Akainamisha kichwa. Halafu akajikaza, akanishika mkono.

— Mti ule ulishazeeka, Odi. Sisi ndio kwanza tunaanza. Na nimewaomba mbao zake, wamekubali. Nitatutengenezea kitanda cha harusi ambacho hakuna mwanamke wa kijiji hiki amewahi kukilalia.

— Kitanda?

— Cha moabi mtupu.

— Unataka nilale juu ya mti wa mama yangu, Medjo? Na wewe uje unifunike shuka?

— Usiseme hivyo, mpenzi.

— Uliniambia nipige panga mpaka mzizi wa mwisho. Nilipiga nikikuimbia wewe. Nimemsafishia njia ya kukimbilia mtu aliyekuja kuniua.

Akaanza kulia. Na mimi nilikuwa bado nampenda, hilo ndilo lililoniuma kuliko yote, mkono wangu ulitaka kumfuta machozi. Nikauweka nyuma ya mgongo.

— Nenda. Mwambie mama yako sitakuja. Yeye hajanikosea, chupa yake nitampelekea mwenyewe.

Nilimpelekea. Ilikuwa ya mavuno yaliyopita, ya mwisho nyumbani kwetu. Mama yake aliipokea kwa mikono miwili, tukalia wote wawili mlangoni. Jumamosi ya harusi ilipita nikiwa shambani.

Baada ya miezi miwili nilipanda kilimani kumpigia shangazi, simu ikalia, meseji imeingia. "Odi, nimekosa. Nimekutafutia moabi mchanga, uko nyuma ya shamba la kakao la marehemu baba yako. Nimeufyekea chini kwa jina lako. Nenda ukauone. Nirudishe."

Nilikwenda. Sitasema sikwenda. Nilikwenda mbio, viatu mkononi.

Ulikuwepo, mwembamba kama mkono wangu. Moabi wa kadiri ile hutoa tunda la kwanza wakati aliyeuona ameshazikwa, na pengine mwanawe pia. Medjo alikuwa ameufyekea mduara mzuri, safi kama ua la kanisa, na kazi yake niliitambua, anafyeka kwa kushoto. Nyuma yangu, hatua thelathini hivi, lori la magogo likapita kwenye barabara mpya, likapunguza mwendo konani. Mtu aliyekaa juu ya magogo akatazama upande wangu, akatazama mduara.

Lilipoondoka nikaanza kukusanya majani. Nilikusanya na matawi, na magugu yale yale aliyoyafyeka, nikayarudisha yote mpaka mguu wa mti ukapotea; mti wenye kichaka haukatwi. Sijui kama ukoo wetu umewahi kuwa na mtu aliyefanya hivyo. Nililia nikifunika, sikujua namlilia nani.

Nikapanda tena kilimani. Meseji nyingine ilikuwa inasubiri: "Umeuona?"

Nikaandika: "Sijaona mti wowote."

Nikazima simu, nikashuka kumsaidia mama kufunga muhogo.