Jina Ambalo Mnong'onezi Hakulijua

Shanga ilinong'ona kabla mgeni hajamaliza kuvua viatu. "Mama Kiondo. Jirani wa ghorofa ya tisa. Mjukuu wake alivunjika mkono."

Hakuna aliyeisikia ila Naetwe, aliyekuwa ameivaa nyuma ya sikio. Alinyanyua uso akatabasamu. "Karibu, Mama Kiondo! Mkono wa mjukuu umeunga?"

Mama Kiondo alipiga makofi. "Jamani! Bwana Mbwambo, hiki kitu chako ni kiboko!"

Elisante Mbwambo, mume wa Naetwe, aliinama kumimina chai ili asionekane anavyochekelea. Na kwa nini asichekelee? Mzee wa miaka sabini na mbili, katika mji wa Same ambao sasa treni za sumaku zilipita juu ya mapaa na roboti zilifagia barabara, alikuwa ametengeneza kitu kilichozishinda maabara kubwa. Alikiita mnong'onezi. Jicho lake, dogo kuliko punje ya ulezi, lilikaa kwenye hereni. Lilitazama uso wa mtu na kuutafuta katika hazina ya picha na habari, kisha shanga ikatamka sikioni jina na jambo moja la kuzungumza. Wagonjwa elfu tisa waliopoteza kumbukumbu walikitumia, lakini yeye alikitengeneza kwa ajili ya mmoja tu: mkewe, aliyefundisha hisabati miaka thelathini na kuwajua wanafunzi wake wote kwa majina, watukutu kwanza.

Kumhudumia hakukuwa lelemama. Alimwogesha, alimvisha, alimfuata kila alipojaribu kwenda shuleni kufundisha darasa lililokwisha kuzeeka. Madaktari walimshauri ampeleke kwenye nyumba ya wagonjwa, akakataa katakata. Na kila asubuhi alipomletea uji, Naetwe alimtazama akasema, "Ahsante, Elisante." Basi siku nzima angetembea kifua mbele. Ananijua, alijiambia. Tena ananiita kama enzi za uchumba wetu!

Jumamosi hiyo binti yao, Nakiete, alikuja kutoka Mwanza. Alikuwa akimchana mama yake nywele pale Elisante alipoleta sahani ya makande.

"Ahsante, Elisante," alisema Naetwe.

Chanuo lilisimama. "Baba, Mama amekuitaje?"

"Ameniita jina langu. Kwani vipi?"

"Tangu lini? Sijawahi kumsikia akilitamka. Wewe ni Baba Nakiete. Hata akikugombeza ulikuwa Baba Nakiete."

Elisante aliiweka sahani chini. Kwao, mwanamke akishazaa, jina la mumewe huwekwa kando kwa heshima, na baba huitwa kwa mtoto. Alipokuwa akiijaza ile hazina, kila mtu alimwandika kama nyumba ilivyomwita: Mama Kiondo, Mjomba Mshana, Mchungaji. Yeye peke yake alijiandika kama alivyozoea kusaini michoro yake: Mhandisi Elisante Mbwambo, mume. Miezi yote hiyo, kumbe, mkewe alikuwa akirudia alichoambiwa, kwa adabu ileile ya kumshukuru mhudumu wa hotelini. Mnong'onezi alikuwa amemficha yeye, mwenye akili timamu, jinsi ugonjwa ulivyokwenda mbali. Moyo ulimuuma vibaya sana.

"Si uandike tu hilo la Baba Nakiete?" Nakiete alisema kwa upole. "Ni kazi ya dakika mbili."

"Ni dakika moja. Lakini nikiliandika mimi, mwanangu, nitakuwa najiita mwenyewe. Nataka kujua kama bado limo ndani yake."

"Na kama halimo?"

Elisante alipiga magoti, akaitoa shanga nyuma ya sikio la mkewe, kisha akaichomoa na hereni.

Naetwe alishtuka, akausukuma mkono wake. "Wewe baba, una nini? Usinishikeshike. Mimi ni mke wa mtu."

Elisante alirudi nyuma hatua mbili. "Nisamehe, mama. Mumeo yuko wapi?"

"Yuko karakana." Alimkagua kutoka utosini hadi miguuni. "Na akikukuta hapa utajieleza mwenyewe. Baba Nakiete hana mchezo."

Nakiete aligeukia dirishani, mabega yakitikisika. Lakini mama yake alikuwa ameshaanza, na sauti yake ilikuwa ile ya mwalimu mbele ya darasa.

"Ila ni mtu mwema, usimwogope. Ana akili, huyo! Kitu kikiharibika, halali mpaka akitengeneze. Na tangu anioe hajaniacha nile peke yangu."

Machozi yalimtoka Elisante, naye hakuyafuta. Uso wake ulikuwa umeshasahaulika, na hilo lilimchoma. Hata hivyo alijivuna kuliko siku yoyote ya maisha yake, kuliko hata siku mnong'onezi alipopewa nishani. Alivuta kigoda akakaa mbali kidogo, kama mgeni mwenye adabu.

"Kwani unamfahamu?" Naetwe aliuliza.

"Kidogo tu," alisema. "Hebu nipe habari zake."