Klabu Nyuma ya Chekechea

Kila asubuhi Verlene Tibbs hupokea watoto wa chekechea yake. Chekechea iko nyumbani kwake, mtaa wa Fenwick, mjini Toledo, Marekani. Mumewe, Curtis, ni shemasi wa kanisa. Ni mtu mwema, ila akishika maikrofoni haachii.

Siku moja tangazo lilibandikwa kwenye duka la viatu lililofungwa, ng'ambo ya uchochoro wao. Mtu ameomba kibali cha kufungua klabu ya wanawake wanaocheza uchi. Siku hiyohiyo Latrice, mama wa pacha, aliwaondoa wanawe.

"Samahani, Bi Verlene. Siwezi kuwaleta karibu na walevi."

Verlene alilia jikoni. Wengine wakimfuata Latrice, chekechea itafungwa.

Curtis alichachamaa. "Kwenye kikao cha jiji cha kuamua kibali tutakwenda na kwaya nzima! Nitawahubiria Sodoma mpaka watubu!"

Jirani yao, Bi Ramona, alikuwa barazani kwao akila pai ya viazi vitamu. Alifanya kazi miaka mingi ofisi ya mipango miji. Alicheka.

"Shemasi, ukihubiri umeshindwa. Klabu hainyimwi kibali kwa sababu ni dhambi. Ni biashara halali ya watu wazima."

"Kwa hiyo tunyamaze?"

"Nani kasema? Jiji lina haki ya kupanga ikae wapi. Lazima iwe mbali na shule, chekechea na makanisa. Zungumza habari ya kelele, magari na chupa uchochoroni. Na umbali."

"Umbali ndio umetumaliza! Nimetembea kutoka mlango wetu hadi wao, nikizunguka barabarani. Ni mbali kweli."

"Miguu yako imekudanganya. Wanapima kwa mstari ulionyooka, kutoka mpaka wa kiwanja chako hadi mpaka wa kiwanja chao."

Curtis alitazama uzio. "Mbona hapo nikipiga chafya wananisikia!"

"Basi kawaambie. Na una dakika mbili tu za kusema."

Verlene akaangua kicheko. "Huyu? Akibariki chakula tu, kuku anapoa!"

Kikaoni Curtis alisimama, akavuta pumzi ya kuhubiri. Verlene akamfinya. Basi akaonyesha ramani. Akasema uchochoro ni mwembamba, mipaka imekaribiana, na watoto hucheza pale. Akaketi. Kwaya ilipigwa na butwaa.

Mwenye klabu alikiri kwamba naye alipima kwa kuzunguka barabarani. Kamati ya jiji ilimnyima kibali cha pale, ikamwonyesha eneo la maghala, karibu na reli, ambako biashara hizo zinaruhusiwa.

"Huko hata maegesho ni makubwa," alisema, akampa Curtis mkono. "Karibu siku moja, Shemasi."

"Nikija, nakuja na kwaya!"

Jumatatu mlango uligongwa. Latrice alisimama na pacha wake, ameinamisha macho.

"Bado kuna nafasi, Bi Verlene?"

Verlene alijawa na furaha, lakini alijikaza kidogo.

"Ipo. Ila ukiona tangazo tena, mwenzangu, usikimbie. Njoo tukaseme pamoja."

"Nitakuja. Haki nitakuja."

Pacha hawakusubiri wamalize. Walikwisha kumpita Verlene, wakaingia.